Mnong'ono wa Mzee Libérat wa Katumba

Ndugu waombolezaji, mimi ni Patrick, mpwa wa marehemu, na aliyenipa kazi ya kusoma wasifu huu ni mjane wake, mama Thacienne, ambaye ameniagiza nisiruke kitu, kwa hiyo watakaokunja sura naomba wanisamehe mapema.

Mzee Libérat Ndayizeye alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 huko Rutana, Burundi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na jioni baba yake alimfundisha kupiga inanga, ule ubao uliochongwa kama sinia refu na kufungwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe. Mpigaji wa inanga hapazi sauti, ananong'ona, na kwa kuwa maneno ya Kirundi hupanda na kushuka, nao mnong'ono hauwezi kupanda wala kushuka, kazi hiyo huachiwa nyuzi, mdomo unatamka neno, uzi unalipandisha na kulishusha, na kimoja bila kingine ni nusu.

Mwaka 1972 alikimbilia Tanzania, akapokewa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akalima tumbaku na kufuga nyuki porini Ugalla, na huko ndiko alikochonga inanga nyingine, ile ya kwanza ikiwa imebaki Burundi pamoja na baba yake. Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Thacienne, anayekiri mwenyewe kwamba alitongozwa kwa mnong'ono ule na akaelewa kila neno. Walijaliwa watoto watatu, Aristide, Joséline na Providence.

Aristide ni mwalimu wa kwaya Shanwe, kila mtu hapa anamjua. Septemba 2019, kwaya yake ikijiandaa kwa mashindano mjini Mpanda, alikuja kuazima inanga, na baba yake akampa kwa furaha, akidhani mwanae hatimaye ameipenda. Aristide aliitoboa, akatia skrubu na nyuzi za gitaa, akazikaza zifuate kinanda chake cha umeme. Pale neno liliposhuka uzi ukapanda, wazee wetu waliokuwa ukumbini wakalalamika kwamba wanasikia chuma kinalia ila hawasikii kinachosemwa, majaji wakaipa kwaya yake kikombe, na ubao, ambao haukuchongwa kubeba mkazo ule, ukapasuka katikati. Mzee alirudishiwa vipande na picha ya kikombe. Hakugombana na mtu, alisema tu, "Mwanangu amenikata ulimi, tena kisu nilimpa mimi."

Februari 2024 sauti yake ilianza kukauka, akatibiwa Mpanda, akapewa rufaa ya Mwanza, na tarehe 11 Juni akafanyiwa upasuaji wa koo, uvimbe ukatoka na sauti ikaondoka nao, ukabaki mnong'ono. Mwimbaji mwingine angekuwa amekwisha, lakini yeye hakuwahi kuhitaji zaidi ya mnong'ono, ugonjwa ulikuwa umemwachia alichotaka, mwanae ndiye hakumwachia. Aliomba vipande vyake, akavipakata, akanong'ona huku vidole vikitembea juu ya ubao usio na uzi, nasi tukainama tukiokota neno moja moja, na inatuuma mpaka leo kwamba hatujui alikuwa anatuambia nini. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 4 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mpanda na Mwanza, majirani waliokesha nasi, warina asali wenzake wa Ugalla, na wafugaji wa Kisukuma waliomletea mishipa mipya ya ng'ombe bila kuombwa, ingawa hapakuwa na ubao wa kuifunga. Kwaya tunawashukuru kwa kufika, kinanda kibaki kwenye gari.

Vipande vya inanga mama Thacienne hataki vizikwe. Anakupa wewe, Aristide, kwa kuwa wewe ndiye mwanamuziki wa familia, na anaomba uviweke pale ulipoweka kikombe.

Mjomba, pumzika, huko uliko hakuna atakayekuambia upaze sauti.