Barua Iliyomshtaki Mwalimu Alois

Wasikilizaji wapendwa, aliye karibu na sufuria aache kwanza kukwangua ukoko. Tuna mtu wa kumkumbuka.

Leo tunamkumbuka Mwalimu Alois Banzi. Mwalimu Alois Banzi amefariki dunia mwezi huu wa Juni, mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Tumemzika kwao Mgeta, juu milimani Uluguru. Kwa miaka kumi na sita alifundisha shule moja ya sekondari iliyo chini ya mlima, upande wa Bigwa, hapa Morogoro. Alifundisha Historia ya Amerika na serikali yake, kidato cha tano na cha sita. Ndiyo, umesikia sawasawa. Amerika. Wakati sisi wengine tukilima shamba la shule na kuimba kujitegemea, yeye alikuwa ubaoni akitueleza namna mbunge wa Amerika anavyopatikana.

Mimi mtangazaji wenu, Yunusi Kobelo, nilikuwa mwanafunzi wake. Tena ni mtani wake. Ukoo wetu na ukoo wao hutaniana tangu mababu, na mtani ana ruhusa ya kumsema marehemu hata jeneza likiwa mbele yake. Kwa hiyo msiandike barua hapa studio kwamba sina adabu. Adabu ninayo, leo nimeiacha nyumbani kwa makusudi.

Nilifika kidato cha tano mwaka 1974. Siku ya kwanza tu nikaambiwa bwenini: "Yule mwalimu mwenye baiskeli, mwangalie vizuri. Si bure."

Si bure! Nikamwangalia. Na kweli, wasikilizaji wapendwa, ukimwangalia mtu kwa nia ya kuona kitu, kitu utakiona.

Kwanza, redio. Mwalimu Alois alikuwa na redio ya mbao, na waya wake ulitoka dirishani, ukapanda bati, ukaenda kufungwa kwenye mti wa jirani. Waya wa nini mrefu hivyo? Sisi tulikuwa na jibu. Anaongea na watu.

Pili, sanduku. Kila baada ya miezi miwili sanduku lilimjia kwa treni kutoka Dar es Salaam. Alilifuata stesheni mwenyewe, akalifunga kwenye keria ya baiskeli, akalifunika gunia. Kama ni vitabu, gunia la nini? Siku hizi najua ni kwa sababu ya mvua. Siku zile nilijua ni silaha.

Tatu, na hii ndiyo mbaya zaidi, mchoro. Alipenda kuchora ubaoni nyumba tatu: ya Rais, ya Bunge, ya Mahakama. Kutoka kila nyumba mishale ilikwenda kwa nyingine. "Huyu anamzuia yule," anasema, "na yule anamzuia huyu." Yohana wa bweni letu aliutazama ule mchoro, akaninong'oneza: "Ile ni ramani."

"Ramani ya wapi?"

"Ungejua ya wapi ungekuwa salama?"

Basi tukaogopa, lakini somo tukalipenda. Sijui niwaeleze vipi. Tulimshuku mtu, na kengele ya kipindi chake ikilia tunakimbia kuwahi viti vya mbele.

Mwezi wa nane mwaka huohuo, Rais wa Amerika akajiuzulu. Mwalimu Alois aliisikia kwa ule waya wake. Asubuhi akaingia darasani hana chaki wala daftari. Akaweka kigoda mbele. "Yunusi, wewe unapenda kuongea. Kaa hapa. Wewe ni Rais. Wengine wote ni wabunge. Muulizeni kwa nini amezificha kanda zilizorekodi mazungumzo yake."

Nilifurahi nusu saa tu. Halafu wale wabunge wakaniandama mpaka jasho likanitoka. Nikaondolewa madarakani kwa kura ishirini na mbili dhidi ya moja. Ile moja nilipiga mimi mwenyewe, na Mwalimu akaifuta.

Vicheko vilifika barabarani. Na barabarani alikuwa anapita Mzee Hatibu.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni jina hili. Mzee Hatibu Pazi alikuwa balozi wa nyumba kumi mtaani kwa Mwalimu, pale Bigwa. Mnajua kazi ya balozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala kwako, balozi ajue. Ukikohoa mara tatu, balozi ajue. Mzee Hatibu alikuwa mpole, kofia safi, anauza tangawizi na ndizi, lakini sisi tulimwita Masikio Ishirini: mawili kwa kila nyumba.

Baada ya wiki tatu tukasikia kuna barua. Barua imefika ofisi ya chama mjini. Barua inamshtaki Mwalimu Alois Banzi. Na aliyeipeleka, kwa mkono wake, mchana kweupe, ni Mzee Hatibu.

Hapo mambo yakawa si mchezo. Wakati ule neno kibaraka likikuganda halitoki kwa sabuni. Mwalimu angeweza kupoteza kazi. Angeweza kuondoka nyumbani asubuhi na mkewe asiambiwe amepelekwa wapi.

Siku ya Jumatano bwana mmoja wa ofisini akaja. Alivaa suti ya Kaunda, rangi ya kijivu. Akakaa kiti cha nyuma darasani, akafungua daftari. Mwalimu Alois akaingia, akamwona, akaweka kigoda mahali palepale.

"Yunusi, kaa. Wabunge, endeleeni tulipoishia."

Hakuna aliyeendelea. Nilikaa kwenye kigoda kile kama kuku aliyefungwa miguu sokoni. Yohana alikuwa anasoma kucha zake.

"Wabunge wameingiwa na woga," Mwalimu akasema. "Ndugu mgeni, tusaidie. Nawe leo ni mbunge. Una swali?"

Yule bwana akakohoa. "Ninalo. Huyo Rais wao, kabla hajatoka, alipewa nafasi ya kujieleza?"

"Alipewa."

"Na watu weusi wa huko? Wamo kwenye hilo bunge?"

"Wamo wachache. Kwa miaka mingi hakuwamo hata mmoja. Swali zuri sana, Ndugu. Yunusi, mjibu mheshimiwa mbunge: serikali inayojisifu kwa kura iliwezaje kuwanyima watu kura?"

Nikaanza kujikuna kichwa. Ila mgeni alikuwa na swali lingine, na baada ya hilo lingine. Alikaa vipindi viwili. Alipoondoka alisema neno moja tu: somo liendelee, ila madirisha yawe wazi.

Tangu siku ile Historia ya Amerika ilifundishwa madirisha wazi. Mbuzi walisoma, wauza ndizi walisoma.

Mwalimu akabaki na kazi yake. Sisi tukabaki na Mzee Hatibu. Tulikubaliana bweni zima: yule mzee hapewi shikamoo. Mnaelewa uzito wake. Mtoto wa Morogoro anampita mzee mwenye mvi, anaangalia pembeni, hatamki kitu. Tulimfanyia hivyo kwa miaka miwili. Wadogo zetu wakarithi. Mtaani watu wakaacha kununua tangawizi yake. Ukazuka na wimbo wa kumkejeli, Masikio Ishirini, na wimbo huo, wasikilizaji wapendwa, niliutunga mimi.

Mwalimu alitukanya. "Mzee Hatibu ni rafiki yangu," alisema. Tukamshuku tena. Tukasema amelazimishwa kusema hivyo.

Miaka tisa ikapita. Mwalimu Alois akaumwa moyo, akafariki. Tukampandisha Mgeta kwa lori. Kutoka barabarani mpaka nyumbani kwao ni kupanda kwa miguu, njia imepita katikati ya bustani za kabichi na njegere. Watani ndio tuliobeba jeneza. Na kwetu watani wakishabeba, hawafiki kirahisi. Wanaweza kulitua jeneza njiani na kusema haliendi, mpaka wafiwa watoe kitu. Kuku, kibuyu cha pombe, chochote. Watu hucheka kidogo, msiba unapata pumzi, safari inaendelea.

Kwenye kona ya juu nikasema: "Tueni!" Tukatua.

Ndugu wa marehemu wakaleta kuku. Nikakataa kuku.

"Unataka nini, mtani?" akauliza Agnes, binti wa Mwalimu.

Mimi nilikuwa nimemwona mtu kwenye msafara. Mzee Hatibu. Amezeeka, ana mkongojo, amepanda mlima wote ule. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikasema kwa sauti ya kutangazia: "Jeneza haliendi mpaka aliyemshtaki huyu marehemu ajitaje mbele ya watu! Barua ya mwaka sabini na nne, nani aliiandika?"

Watu walicheka kidogo tu. Wote wakamtazama Mzee Hatibu. Mzee akatazama kabichi.

Aliyejibu ni mjane, Mama Agnes. "Yunusi, unataka aliyeiandika? Basi ndiye uliyembeba begani. Aliiandika marehemu mwenyewe."

Nikadhani ni uchungu unaongea. Nikamtazama Mzee Hatibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nikamsikiliza.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Niliagizwa na ofisi nilete taarifa ya maandishi. Mimi nilisoma chuoni, Kurani. Hizi herufi za shule sikuzijua, na nilikuwa balozi, nikaona haya. Pale mtaani kila asiyejua kuandika aliandikiwa na nani? Na Mwalimu Alois. Mwenye mtoto Ngerengere jeshini, barua yake aliandika Mwalimu. Basi nikaenda kwake. Nikamwambia, Mwalimu, naomba uniandikie barua ya kukushtaki."

"Nilikuwa napika chai," akasema Mama Agnes. "Kikombe kilinitoka mkononi."

"Akaniuliza, unasema nini juu yangu? Nikamwambia redio. Akaandika. Nikamwambia sanduku. Akaandika. Nikamwambia unafundisha watoto kumtoa Rais. Akaandika, akasema, ongeza wa Amerika, mzee, usije ukanifunga bure. Halafu akaandika la nne, mimi sijasema kitu."

"Lipi?"

"Kwamba majirani wakimuuliza jambo, naye hujibu kwa swali. Nikamwambia, hilo sikulisema. Akaniuliza, lakini ni kweli? Nikamwambia kweli. Akasema, basi liache."

Sasa watu walicheka, na Agnes akacheka huku analia.

"Kwa nini hukusema, mzee wangu?" nikamuuliza. "Miaka yote hii?"

"Ningeanzia wapi? Ningesema, mimi balozi wenu sijui kusoma? Mwalimu alitaka kusema, mimi nikamwomba anifichie. Akanifichia. Akanifundisha kuandika, jioni, taratibu. Nyinyi mlikuwa mnapita nje mnaimba."

Nilipata neno moja tu. Mimi, mtu wa maneno. Nikamwambia mwenzangu, inua. Tukainua jeneza. Kaburini nilishika koleo nikafukia mpaka viganja vikachubuka, ili nisimtazame mtu usoni.

Baada ya mazishi Mama Agnes alinipa karatasi. Ni nakala ya barua ile, ya karatasi ya kaboni. Mwalimu wa historia hatupi nakala. Mwandiko ni wa Mwalimu Alois Banzi, naujua kama ninavyoijua sauti yangu. Chini kuna dole gumba la Mzee Hatibu, la wino wa zambarau. Na juu ya dole kuna mstari wa mwisho, ambao Mzee Hatibu anasema Mwalimu alimsomea mara mbili kabla hajabonyeza kidole. Nausoma kama ulivyo:

"Naomba mtu huyu asikilizwe kabla hajahukumiwa."

Yule bwana wa suti ya Kaunda aliusoma mstari huo, akaja akasikiliza. Sisi tuliosomeshwa jambo hilohilo kila Jumatano, madirisha wazi, hatukumsikiliza mzee mmoja mtaani kwetu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya studio nampa pole Mama Agnes, nampa pole Agnes, nawapa pole ukoo wote wa Mgeta na wanafunzi wote wa Mwalimu Alois Banzi popote mlipo. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu mtaani kwako ambaye mlikwisha kumaliza kesi yake bila kumuita. Mfikirie huyo leo.

Mimi wa kwangu namfahamu. Mzee Hatibu, wameniambia una redio sasa, tena waya wake umefungwa kwenye mti uleule. Basi nasema mbele ya mkoa mzima.

Shikamoo, mzee wangu.

Marahaba yake nitaifuata Bigwa Jumapili, kwa miguu yangu.