Jina la Baba Haifa

Tuktuk ilipotoka Ganjoni, mama wa buibui aliyeketi kati yetu alimpa simu msichana wa upande wa pili, ingawa hawakujuana. Simu ilijisasisha jana, akasema, na sasa barua pepe haifunguki. Humo mna barua zote alizoandikiwa na marehemu mumewe alipokuwa Maskati.

“Neno la siri je, mama?” msichana akauliza. “Alilijua yeye.” “Basi, kwa kuwa hulijui, inakuuliza jina la mumeo.” “Nimeandika Baba Haifa. Imekataa.” “Inataka jina lake hasa.”

Mama akatazama nje. “Mwanangu, sikupata kulitamka hata siku moja. Zamani zetu mke hamwiti mumewe jina. Nilikuwa nikikohoa tu pale mlangoni, naye huitika.” Mimi mke wangu huniita jina langu na la babangu kwa pamoja.

“Si lazima ulitamke,” msichana akasema taratibu, akimrudishia simu. “Liandike tu.”

Tuktuk ikasimama Ngomeni. Mama alishuka, kidole kikielea juu ya simu. “Na nikimwita,” akauliza, “asipoitika?”