Kwa Nini Sifumbi Macho Tukiomba

Bwana asifiwe, wapendwa. Najua mmeitikia, nimeona midomo. Sauti yangu ikizidi, mke wangu pale mbele atashusha kiganja nami nitapunguza, maana siisikii.

Mnanijua mimi ni mwashi. Miaka ile viwanda vya samaki vinachipuka Nyakato, kuta nyingi za kule nilizipandisha kwa mikono hii. Juu ya jukwaa la ujenzi nilitembea kama mbuzi juu ya mawe. Ikanishika homa. Kichwa kikauma, shingo ikakaza nisiweze kuinama. Mke wangu akanikokota hadi duka la dawa Mirongo. Wakati ule kila mwenye kaunta alikuwa daktari. Mwenye duka hakunigusa hata paji la uso. Alisema malaria imepanda kichwani, akatupa klorokwini, tukarudi nyumbani. Jina silitaji, lakini hukaa benchi la tatu, na leo amekaa.

Nilifikishwa hospitali sijitambui. Kumbe ni homa ya uti wa mgongo. Nilipozinduka nikamwona mke wangu anaongea, sauti hakuna. Nikadhani ananong'ona. Nikamwambia, "Ongea basi." Akalia, na kilio chake sikukisikia.

Ndugu zangu, nawaambia, uziwi peke yake ningeuvumilia. Nilipoinuka kitandani, sakafu ikayumba kama mtumbwi. Nikawa natembea kwa kushika kuta. Msimamizi wa ujenzi akanifukuza, akawaambia wenzangu nimeanza kunywa gongo. Nikakimbilia hapa kanisani. Tukasimama kuomba, nikafumba macho, nikaanguka. Jumapili iliyofuata vilevile. Mzee wa kanisa aliyeongoza maombi akasema, mke wangu alinieleza baadaye, nina pepo, na pepo hapendi maombi. Mkanizunguka. Mkaniinua, mkanifumba macho kwa viganja vyenu, nikaanguka tena, nanyi mkashangilia kwamba pepo anatoka. Mzee, ndiyo, nakutazama wewe.

Nikaacha kuja.

Mke wangu ndiye aliyeona kwamba macho yakiwa wazi nasimama. Akanirudisha hospitali kwa daktari wa masikio. Daktari akanisimamisha, miguu pamoja, akaniashiria nifumbe macho, akanidaka kabla sijafika chini. Akamweleza mke wangu mambo marefu. Tulipofika nyumbani mama huyu akafungua mfuko wangu wa kazi, akatoa pima maji. Akanionyesha kile kipovu kinachokwambia ukuta umenyooka. Kisha akagusa sikio langu, akatikisa kichwa.

Nikaelewa. Taratibu, kwa ishara na kwa midomo, akanieleza na mengine: ule ugonjwa ulitoka kwenye utando wa ubongo ukaingia ndani kabisa ya sikio. Mle mna kitu kama konokono, cha kusikia, na vijibomba vya maji vinavyouambia mwili umesimama sawa. Vyote viliharibika, na havitengenezeki. Macho na miguu vijifunze kazi hiyo. Ndiyo maana nikifumba macho naanguka. Nililia, wapendwa, lakini kwa nafuu. Sikuwa na pepo. Nilikuwa na pima maji iliyovunjika.

Asubuhi akawa ananipeleka ufukweni Pasiansi, kashika mkanda wangu kwa nyuma kama anayefundisha mtoto. Siku moja nikageuka, nikamkuta yuko mbali, amesimama anacheka. Sikujua aliniachia wapi.

Sasa nafyatua tofali, chini, ardhini. Jukwaa ndiyo basi tena. Natamani kusikia mawimbi yakipiga yale mawe ya ufukweni. Natamani mwiko ukikwaruza tofali. Binti yetu wa mwisho alizaliwa baada ya ugonjwa. Sauti yake siijui. Akicheka naweka kiganja mgongoni mwake, kinatetemeka. Ndiyo sauti niliyopewa.

Namshukuru daktari yule, na fundi mwenzangu aliyenipa kalibu ya kufyatulia tofali. Mke wangu sina neno la kumtosha. Ninyi wengine, sijawasamehe wote. Bado naomba nipewe moyo huo. Ila mtu akianguka mbele yenu, mwulizeni kwanza anaumwa wapi, kabla ya kumwuliza pepo jina lake.

Sasa mchungaji atatusimamisha. Ninyi fumbeni macho. Mimi nitautazama mdomo wa mke wangu, nijue amina imefika.