Mazoezi ya Koleta

Kijiwe chetu kipo mbele ya duka la pembejeo hapa Nachingwea, Harithi anapouzia kahawa na kashata. Asubuhi ile Mzee Titus alikuja hana raha. Kompyuta ya mezani ya marehemu mkewe Koleta, aliyekuwa mwalimu wa kwaya parokiani, ilikuwa inazimika yenyewe kila baada ya muda mfupi, na humo ndimo yalimokuwa mazoezi yote aliyorekodi. Matundu ya kuchomekea flashi yalishaungua kwa umeme. Binti yao Teddy alikuja likizo na laptopu ya aina nyingine kabisa, akaziunganisha zote mbili kwenye Wi-Fi moja ya nyumbani, lakini hazikuonana.

Mbaruku, tunayemwita Satelaiti kwa sababu hakosi jibu, alisema ni ukuta wa tofali za kuchoma. Ziwekwe chumba kimoja. Titus akasema zipo meza moja. Eustakio, jina lake kijiweni Waya kwa kuwa aliwahi kufunga simu za mezani, akadai mashine mpya zina dharau, hivyo ile kuukuu ipewe jina la ukoo wa mwenzake. Satelaiti akapandisha dau: zipakiwe kwenye bajaji mpaka chini ya mnara wa simu, zikatambulishane huko. Tukaanza kabisa kuulizana nani ana bajaji.

Pembeni alikaa dada mmoja mgeni na kikombe chake. Alitwambia anaitwa Dionisia, anafundisha kompyuta sekondari huko Ruangwa. Akatuamkia, kisha akauliza kwa upole:

— Wazee wangu, hiyo ya zamani, kuna mtu ameiruhusu ionyeshe mafaili yake kwa nyingine?

Satelaiti na Waya hawakujua kwamba jambo hilo linahitaji ruhusa, wala sisi wengine.

Titus akampigia Teddy, akaweka spika. Dionisia akamwelekeza taratibu: kwenye kompyuta ya mama achague kwamba mtandao ule ni wa nyumbani, si wa hadharani, awashe sehemu ya kushirikisha mafaili, halafu airuhusu folda ya kwaya. Muda si mrefu Teddy akasema jina la kompyuta ya mama limetokea kwenye laptopu, ila inadai neno la siri.

Neno hilo Titus alilijua peke yake. Alitutazama mmoja mmoja, akainama karibu na simu.

— Andika titusmtundu. Herufi ndogo, yote pamoja.

Hakuna aliyecheka, hata Satelaiti.

— Imefunguka, baba. Nayahamisha yote.

Tukangoja. Kompyuta ilizimika mara mbili, na mara mbili Teddy akaiwasha, akaendelea na yaliyobaki. Harithi alikuwa anakung'uta birika la kahawa Teddy aliposema yamefika yote, mazoezi mia mbili na kumi na manne. Titus akaomba asikie moja, lolote tu.

Simu ikatoa kinanda, kisha sauti za akina mama, kisha Koleta mwenyewe akiwakatisha:

— Sauti ya kwanza mnakimbia. Turudi mwanzo.

Wakarudi mwanzo, wakakimbia tena, akawakatisha tena. Titus aliilaza simu juu ya benchi, katikati yetu, akanyoosha miguu. Teddy akauliza kama afungue wimbo mwingine, maana hapa wanakosea tu.

— Iache, mwanangu. Waache warudie.