Pareto Kando ya Fensi

"Ng'oa hayo maua, Celestine, kabla sijazika mbwa," alisema mzee Waithaka ndani ya tuktuk.

"Sikuyapanda. Pareto ilijiotea yenyewe kando ya fensi," akajibu jirani yake, kabichi mapajani.

Tabby, aliyekaa katikati yao bila kumjua yeyote, alipaswa kushuka mtaa wa Section 58. Section 58 ikapita, naye akanyamaza ili asikose neno.

"Pareto inaua viroboto," mzee akaendelea. "Kitu cha kuua kiroboto hakiwezi kumwacha mbwa salama."

"Hata kidole chako kinaua kiroboto, mzee. Ni sumu?"

Tabby akakohoa ili asicheke.

"Jana mbwa wangu Tomi alitafuna ua moja, akatokwa na mate mpaka jioni."

"Ni chungu. Tafuna wewe tuone kama hutatokwa na mate. Na mbona kwako anajikuna usiku kucha, kwangu analala kwa maua kama askofu?"

Mzee akajibu akitazama barabara: "Tangu binti yangu Cate aolewe, nimebaki na huyo mbwa tu. Siku hizi hata yeye harudi nyumbani."

Hapo Tabby akaelewa ugonjwa uko wapi.

"Tutamuuliza daktari wa mifugo," Celestine akasema, sauti imeshuka. "Akisema ni sumu, nitang'oa."

"Na akisema si sumu?"

Tuktuk ikasimama. Getini Tomi alikuwa amekaa upande wa Celestine, mkia ukifagia vumbi.

"Ingia tule omena, mzee. Tomi atakuonyesha pa kunawa."