Wendell Prochnow na Madaraja Aliyoshindwa Kuyaacha

Ndugu waombolezaji, mliokaa na mliosimama kule nyuma, marehemu Wendell August Prochnow alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, maili nne kaskazini mwa mji wetu wa Alder Fork, Wisconsin, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee August na Mama Hedwig, na binti yake wa pekee, Janelle, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, ameombwa na mama yake aisome bila kugomba, naye ameahidi kujaribu.

Alisoma shule ya chumba kimoja kuanzia mwaka 1953 hadi 1961, kisha sekondari ya hapa mjini, akahitimu mwaka 1965, na ripoti zake, ambazo familia imezipekua wiki hii, zinaonyesha kwamba alikuwa hodari wa hesabu, ila mwalimu mmoja alilalamika kuwa kijana huyu huandika jibu sahihi, kisha hulifuta na kuandika jingine.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha jibini, akakitumikia hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyekuja hapa leo kwa ajili ya jibini. Mnamjua kwa gari namba 41, aliloanza kushindana nalo mwaka 1968, na zaidi mnamjua kwa sababu tarehe 4 Aprili 1987 alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya uwanja wetu wa mbio, ule wa udongo, mzunguko wa robo maili, ambako kila Jumamosi ya kiangazi wakulima, mafundi bomba na walimu hushindana kwa magari ya kawaida waliyoyang'oa viti na vioo na kuyaunda upya kwa mikono yao.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Bi Arlys Tesch katika kanisa hili hili, na jioni yake akashiriki mbio akiwa bado na tai shingoni, akashika nafasi ya sita. Walijaliwa mtoto mmoja, Janelle, tarehe 2 Septemba 1978, ambayo pia ilikuwa Jumamosi, jambo ambalo mama hajalisahau, maana marehemu alifika hospitalini na udongo masikioni.

Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kuvuta pumzi. Marehemu alipoupokea uwanja, tulikuwa na madaraja matatu ya mashindano na magari sabini na mawili, kila daraja likiwa na kanuni zake za injini, uzito na matairi, na dereva aliyejenga gari la daraja lake alijua mwakani atalikuta daraja lile lile. Marehemu alikuwa mtu mwema, hakumwonea mtu, hakulewa siku ya mashindano, lakini hakuweza kumwona dereva akiondoka bila kushika penseli, na kila Januari, kamati ilipokutana kwenye chumba cha nyuma cha baa, mbele ya sahani za samaki wa kukaanga, aliyasoma majina ya walioondoka na kubadilisha kanuni ili warudi, na hao hawakurudi, maana walishanunua boti au walishapata wajukuu, huku waliobaki wakijikuta na magari yasiyoruhusiwa daraja lolote, nao wakaondoka, na Januari iliyofuata majina yao yakasomwa. Miaka thelathini na minane, ndugu zangu. Madaraja yalifika manane, yakapunguzwa, yakaunganishwa, yakapewa majina mapya, na kiangazi kilichopita daraja moja lilianza mbio na magari matatu, aliyeshika mkia akapewa kikombe.

Jirani yetu Duane Rasch, aliyejenga magari matano kwa madaraja matano, alisimama mkutanoni akamwambia, "Wendell, mimi nina karakana moja na mgongo mmoja. Niambie unataka gari gani, halafu nyamaza miaka kumi." Marehemu aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, akashukuru kwa maoni, na kubadilisha ukubwa wa matairi.

Majira ya baridi ya mwaka 2010 kuingia 2011, Janelle alijenga gari lake la kwanza katika zizi la zamani, kwa ajili ya daraja la Magari ya Mtaani, akaliandika namba 41 ya baba yake, na marehemu mwenyewe ndiye aliyechomelea mabomba ya kumkinga dereva, jioni baada ya jioni, akipiga mluzi. Tarehe 12 Machi 2011 kamati ililipigia kura daraja hilo, kwa kuwa lilibakiwa na magari tisa, kura zikagawanyika sawa, na mwenyekiti, kwa kura yake ya mwisho, akalifuta. Kesho yake, mezani, alimweleza binti yake kwamba angeliacha watu wangesema amempendelea. Binti akamjibu, "Basi pendelea, Baba. Mara moja tu." Marehemu alipaka siagi mkate wake. Gari lilifunikwa turubai, Janelle hakukanyaga tena uwanjani, na kwa miaka kumi na minne alipokuja chakula cha Jumapili baba na binti walizungumzia theluji na bei ya maziwa, na iliuma.

Tarehe 6 Agosti 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Januari mwaka huu Janelle alimfuma Duane zizini, na futi ya kupimia mkononi, turubai limefunuliwa, akadhani anataka kulinunua gari, akamfukuza kwa maneno ambayo hayasomwi kanisani, na anaomba radhi. Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na mkewe na binti yake.

Siku iliyofuata Duane alileta bakuli la viazi na karatasi moja, yenye mwandiko wa penseli wa marehemu, iliyopitishwa kwenye kikao cha kamati cha tarehe 18 Januari, ambako marehemu alisukumwa kwa kiti cha magurudumu bila kutuambia anakwenda wapi. Hata kufa hakukumzuia mtu huyu kubadilisha madaraja. Daraja la Magari ya Mtaani limerudi, na urefu, uzito, kabureta, hata unene wa mabomba, vyote ni vipimo vya gari moja lililo chini ya turubai, na mstari wa mwisho unakataza kanuni hizo kuguswa kwa miaka kumi. Janelle aliisoma mara mbili, kisha Duane akasema, "Amependelea."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotukamulia ng'ombe na kutusukumia theluji, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na madereva wote, waliobaki na walioondoka, ambao walivumilia mengi. Mbio za kwanza ni Jumamosi, tarehe 3 Mei. Panya wamezaliana ndani ya kiti na kabureta imeganda, lakini gari namba 41 litakuwepo.

Lala salama, Baba, na huko ulikofika, tunakuomba, kanuni zao uziache kama ulivyozikuta.