Mafuta ya Kondoo katika Dengu za Fundi Ratilal

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za leo, walio shambani na walio sokoni. Mimi ni Basili Qamara. Leo tunamkumbuka Mama Genoveva Tluway wa Endagikot, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na minne. Narudia: Mama Genoveva Tluway wa Endagikot. Wengi wenu hapa Mbulu mlimjua kwa jina la Mama Yaliyomo.

Nawaomba msizime redio kabla ya mwisho. Kuna neno nimelibeba miaka arobaini. Linahusu jina zuri la mtu aliye hai, Mzee Gidamis wa Hirbadaw. Leo nalitoa.

Mwaka 1983 Genoveva alikuwa mpishi wa kantini katika shamba la ngano la serikali, huko chini tambarare za Hanang. Mimi nilikuwa karani wa ghala hapo hapo. Mchana nilihesabu vipuri na magunia. Jioni nilisoma, hadi nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mke na watoto watatu. Nilijiona mtu anayejua mambo.

Fundi mkuu wa mitambo alikuwa Mhindi, mzee Ratilal. Tangu azaliwe hakuwahi kula nyama, samaki wala yai. Alimfundisha Genoveva kupika chakula cha kwao: dengu zilizotiwa manjano na bizari nyembamba, na chapati laini za ngano ile ile tuliyovuna. Sufuria yake ilikaa peke yake juu ya rafu, imefungwa utepe mwekundu, isiguswe na nyama. Madereva waliiita sufuria ya padri. "Haioi," walisema. Ratilal mwenyewe alicheka nao.

Sasa Gidamis. Wakati huo alikuwa kijana wa wafugaji wa Hirbadaw. Malisho ya baba yake yalikuwa yamelimwa ngano. Ng'ombe wao walibaki kunywa kwenye pampu ya shamba, kwa ruhusa ya shingo upande. Kiangazi kile pampu ikafa, na wakubwa hawakuwa na haraka nayo. Ratilal aliitengeneza siku yake ya mapumziko, bila kutumwa na mtu. Ng'ombe wa Gidamis wakanywa.

Mwezi wa saba, katikati ya mavuno, Ratilal akashikwa na kichomi. Baridi ilikuwa kali na vumbi la ngano lilijaa hewani. Gidamis alisikia. Akaja kantini na mafuta ya mkia wa kondoo ndani ya chombo cha ngozi. Alikuwa amemchinja dume lake bora.

Wasikilizaji, mnajua mambo yetu. Katika nyumba tulizokulia, mgonjwa wa kifua hunyweshwa mafuta ya kondoo, na mafuta ya namna hiyo hayarudishwi. Ukiyarudisha ni kama umesema mgonjwa na afe. Tena mwaka ule mnaukumbuka. Ghalani kwangu hakukuwa na samli wala tone la mafuta ya kupikia.

Genoveva alikaa na chombo kile mapajani kwa muda. Mimi nilikuwepo, nakunywa chai. Akasema, "Kaka Basili, huyu mzee hali nyama. Lakini nikimwacha na dengu kavu atanifia mkononi." Gidamis alisema neno moja tu, "Mpe." Basi Genoveva akatia kijiko kimoja katika dengu. Waliojua tulikuwa watatu. Narudia, watatu: Genoveva, Gidamis na mimi.

Ratilal alikula siku tano. Siku ya sita nilimkuta ameketi juani nje ya karakana, blanketi mabegani, rangi imemrudi. Nilifurahi. Na mimi nikifurahi, hupenda kusema kitu cha kuchekesha. Nikamwamkia, kisha nikamwambia, "Naona kondoo wa Gidamis amekusimamisha, fundi."

Hakucheka. Aliuliza, "Kondoo gani?"

Nilisema natania tu. Lakini alikuwa ameshauona uso wangu. Aliinuka, akaenda nyuma ya karakana, nikamsikia akitapika.

Tangu hapo hakugusa chakula cha kantini. Alimwambia Genoveva, "Nimeambiwa. Ulinilisha nisichokula." Hakusema nani kamwambia. Genoveva hakukana. Alipiga magoti mbele yake, naye akageuza uso ukutani. Siku tatu aliishi kwa maji ya moto. Homa ikarudi. Wakamweka kwenye kichwa cha lori la ngano, wakampeleka hospitali Arusha.

Ndipo Genoveva akanijia ghalani. Macho yalikuwa mekundu. "Kaka Basili, ni wewe uliyesema?"

Nikajibu, "Mimi? Mimi nawajua Wahindi, siwezi. Muulize Gidamis. Atakuwa amekwenda kushukuriwa."

Hayo ndiyo maneno yangu. Niliyasema bila kupepesa macho.

Kesho yake Gidamis alikuja na kibuyu cha maziwa, kuuliza hali ya mgonjwa. Genoveva hakukipokea. Alikiacha mikononi mwa Gidamis, mbele ya madereva. Kwa mfugaji wa kule hilo ni zaidi ya kofi. Gidamis alisema, "Dada, mimi sikusema." Akarudia. Kisha akaondoka na maziwa yake. Mimi nilikuwa dirishani, nimeshika daftari.

Genoveva alipanda lori lililofuata, akaketi juu ya magunia hadi Arusha. Hospitalini alikuta Ratilal amekonda kama ufito. Uji wa pale hautaki, kwa kuwa hajui sufuria yake imepikiwa nini. Ndugu zake wako Mwanza, hawajafika. Muuguzi akasema, "Asipokula, dawa peke yake haitoshi."

Binti wa Genoveva, Efrazia, amenisimulia alivyosikia kwa mama. "Mama alizunguka mji siku mbili akitafuta chakula cha Kihindi cha kweli ambacho mfuko wake ungekiweza. Hoteli kubwa, sahani moja ni mshahara wa wiki. Vibanda vya bei nafuu, wameandika chakula cha Kihindi mlangoni, ndani mchuzi wa ng'ombe na dengu vinachotwa kwa upawa mmoja. Kila mahali aliuliza: sufuria hii imepikiwa nyama? Wakamcheka. Mmoja alimwambia, wewe dada Mmbulu, tangu lini ukawa Mhindi?"

Siku ya pili, mfagizi wa soko alimwonyesha uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa. Humo aliishi mama mjane wa Kihindi, asiyepika nyama, aliyewapikia makarani makapera. Chakula chake kilikwenda katika vyombo vya bati vilivyopangwa ghorofa ghorofa. Bei yake ilikuwa ya watu wa kawaida. Genoveva alimweleza yote, na mafuta ya kondoo hakuyaficha. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Nitapika. Lakini usiseme umepika wewe. Na akikuuliza, usimfiche kitu."

Ratilal alipofunuliwa vyombo, alinusa kwanza. Akauliza, "Yaliyomo?"

Genoveva akataja kimoja kimoja: dengu, manjano, bizari, chumvi, samli ya yule mama, chapati za ngano. "Nani amepika?" Akamtaja, na mtaa wake. "Kula wewe kwanza," Ratilal akasema. Genoveva akakata chapati, akala. Ndipo Ratilal akala. Alikula kidogo, akilia.

Ikawa hivyo siku tisa, hadi ndugu zake walipofika wakamchukua Mwanza. Alipona, lakini hakurudi shambani. Neno la msamaha hakulisema, wala Genoveva hakumwona tena.

Shamba lilipoanza kuyumba, Genoveva alirudi Mbulu, akafungua mgahawa karibu na stendi. Mliokula pale mnajua. Sufuria ya dengu ilifungwa utepe mwekundu. Sahani haikutua mezani kabla hajakutajia kilichomo, hata ukiwa na njaa ya kufa. Mlimtania, mkampa jina. Sasa mnajua lilikotoka.

Na mliokuwa makini mliona jambo jingine. Kila siku ya mnada Mzee Gidamis alipita mbele ya mgahawa ule, na hakuingia. Hawakuamkiana miaka arobaini.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea Genoveva supu nyumbani Endagikot. Alikuwa amelala, hawezi kuinua kichwa. Akanong'ona, "Kaka Basili, yaliyomo?"

Nikataja: mbuzi, chumvi, kitunguu, tangawizi kidogo. Akauliza, "Ni hayo tu?"

Nikasema ni hayo tu. Akanywa vijiko vitatu. Niliondoka nikijiambia nitarudi Jumatano. Alikufa Jumanne.

Wasikilizaji wapendwa, aliyemwambia Ratilal ni mimi. Narudia, kwa kuwa jambo muhimu hurudiwa: ni mimi, Basili Qamara. Gidamis hakusema. Alileta kondoo wake bora kwa mtu aliyenywesha ng'ombe wake, akalipwa aibu ambayo ni yangu.

Efrazia, na familia yote ya Endagikot, poleni sana. Mama yenu alikiri kosa la mkono wake siku ile ile. Mimi imenichukua hadi kaburi lake lifunikwe. Nanyi mnaosikiliza, kama kuna mtu anayebeba lawama yenu, na anayepaswa kuujua ukweli bado anapumua, nendeni leo, msingoje Jumatano.

Mzee Gidamis, shikamoo. Najua umri wangu ni mkubwa kuliko wako. Nakuamkia hivyo hivyo. Kesho nitapanda basi la asubuhi kuja Hirbadaw. Ukiniacha nimesimama langoni na mikono yangu mitupu, nitasimama.